Nyama ya Katikati ya Mbavu

Ukila mbavu za mbuzi, ile nyama unayoing'oa kwa meno kati ya mfupa na mfupa ndiyo iliyokuwa ikimpa mbuzi pumzi. Haikuwekwa pale kuziba nafasi. Watu wanaitafuna, wanalamba vidole, wanatupa mifupa, na ukiwauliza wao wenyewe wanapumua kwa kutumia kitu gani wanakujibu "mapafu," tena kwa sauti ya kumjibu mtoto wa chekechea. Mapafu hayana nguvu yoyote. Mapafu ni mifuko. Kinachoifungua mifuko hiyo ni nyama ya katikati ya mbavu pamoja na kiwambo, ule msuli mwembamba uliotandazwa chini ya kifua kama sakafu, juu mapafu, chini tumbo.

Nayajua haya kwa sababu mwalimu wetu wa biolojia kule Tanga hakuwa na mfano wa plastiki wala picha ya ukutani. Alichokuwa nacho ni bucha karibu na kwake. Siku moja akaingia darasani na ubavu mzima wa mbuzi kwenye beseni, nzi nyuma yake, akatoa kisu akaanza kutupasulia. Tabaka la nje, nyuzi zake zinashuka kwa mshazari kuja mbele, kama mikono ya mtu aliyeitia kwenye mifuko ya koti. Tabaka la ndani, nyuzi zinakwenda kinyume, zinapishana na zile za nje. Za nje zikijivuta, mbavu zinainuka na kutanuka, hewa inaingia. Kutoa pumzi hakuna kazi mtu akiwa ametulia, kifua kinashuka chenyewe. Zile za ndani ni za kukohoa, za kupuliza moto wa mkaa, za kupiga ukelele. Kipindi kikaisha, beseni likaenda jikoni kwa mwalimu, na sisi tukabaki na harufu. Nilimaliza kidato cha nne na masomo yangu yakaishia hapo. Lakini ubavu ule niliutazama. Kutazama ndiyo kazi iliyowashinda watu wa upande wa mume wangu, wote, mpaka ikabaki kidogo mwanangu azikwe kwa ajili ya adabu zao.

Mama mkwe wangu yuko Tanga, kwa hiyo nilipojifungua aliyeshika nafasi yake ni shangazi wa mume wangu. Anakaa jengo letu hili hili, huku maghorofa yalipobanana karibu na uwanja wa ndege na ndege zinapita chini mpaka vikombe vinalia kabatini. Amefika Toronto mimi sijazaliwa. Miaka yote hiyo, na bado kazi yake kubwa ni kufunga wanawake mikaja. Mkaja ni ule ukanda mrefu wa nguo anaofungwa mwanamke aliyetoka kujifungua, unazungushwa na kuzungushwa ili tumbo lirudi. Jengo zima likipata mzazi, anaitwa yeye. Anakuja na mfuko wake, mafuta ya nazi, karafuu, kanga zilizochanwa vipande virefu, na mdomo. Mdomo ndio unaotangulia kuingia.

Alinifunga mimi, sikumkatalia. Tumbo langu, mbavu zangu, nikichoka nafungua. Kila asubuhi alikuja kunikanda, kunipikia uji wa pilipili manga, na kunieleza nilivyo. Nilikuwa mvivu. Nilikuwa na maziwa mepesi. Nilikuwa nimemtia mume wangu mfukoni, jambo ambalo kama lingekuwa kweli hadithi hii isingekuwepo.

Mtoto alishikwa na mafua katikati ya baridi. Theluji ilikuwa imelala madirishani, hita inaunguruma, nyumba kavu mpaka ngozi inapasuka. Kwanza ilikuwa kamasi tu. Kisha kikohozi. Nilisema nataka kumpeleka hospitali, shangazi akasema nikimtoa nje kwenye baridi ile nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu, na mume wangu akasema tungoje kidogo. Mume wangu kwa kungoja ana kipaji. Angengojea basi kwenye kituo kilichohamishwa.

Ikaja asubuhi moja ya Jumamosi. Niliingia kuoga, shangazi akabaki na mtoto sebuleni. Nilipotoka nikamkuta mtoto amelala kwenye kochi amevalishwa fulana, juu yake sweta, juu yake lile vazi la manyoya la theluji, juu yake blanketi. Uso tu ndio uliobaki nje, kama mkate uliochungulia kwenye gazeti. Shangazi alikuwa jikoni anakoroga uji na kuimba.

Nikamchukua nimnyonyeshe. Akashika titi, akaliacha. Akashika, akaliacha. Mtoto mwenye njaa haachi titi. Nikaona pua zake zinapanuka na kusinyaa, na kila akitoa pumzi anatoa mguno mdogo, kama mzee anayeinuka kitini. Nikapitisha mkono ndani ya zile nguo kumpapasa kifua. Nikagusa kitu kigumu. Nguo iliyokazwa, mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia kwapani mpaka chini ya kitovu.

Nikamuuliza shangazi hiki ni nini. Akaja na mwiko mkononi, wala hakuficha. Alikuwa na furaha ya fundi. Akanieleza kwamba alipombadilisha nepi ameona mbavu za mtoto zinaachana, zinacheza cheza, ngozi inaingia katikati na kutoka. Ni baridi imeingia kifuani. Kwa hiyo amezibana zisiachane. Kama mimi tumbo langu lilivyobanwa, basi na mtoto vivyo hivyo, mkaja wake mdogo.

Nataka msomaji anielewe hapa. Yule mwanamke alikiona. Kile kitu ambacho daktari yeyote akikiona anaacha chai yake, yeye alikiona kwa macho yake mawili, saa ya mchana, taa zinawaka. Akakiona, halafu akakifunika.

Kunywa juisi ya pakiti ambayo mrija wake umeziba. Vuta kwa nguvu. Pakiti inabonyea pembeni, si ndiyo? Ndicho kinachotokea. Njia za hewa za mtoto zimejaa kamasi, zimevimba ndani, mtoto anavuta hewa haiji, anavuta zaidi, basi kile kilicho laini ndicho kinachonyonywa ndani, ile nyama kati ya ubavu na ubavu. Mbavu haziachani. Mbavu hazina pa kwenda. Ni nyama inafanya kazi kuliko uwezo wake, na ukiifunga kwa kanga umemfunga mtu mikono halafu unamwambia apige makasia.

Nikaanza kumvua. Shangazi akaweka mwiko chini akanishika kifundo cha mkono. "Mwanangu, ukimfungua kifua sasa hivi baridi itaingia yote. Mimi nimelea, wewe umesoma tu."

Mume wangu akatoka chumbani, amevutwa na sauti. Nikamwambia apige ile namba ya ushauri wa afya, ambayo unaongea na nesi bure. Akapiga. Walau hilo alilifanya upesi. Shangazi naye akatumia nafasi hiyo kumchukua mtoto mapajani mwangu, eti ampooze, akaenda kukaa naye kwenye kiti cha dirishani, akamkumbatia na nguo zake zote. Mume wangu akaweka simu wazi tusikie. Nesi akauliza umri, akauliza kama ananyonya, kisha akauliza swali lenyewe: mtoto akivuta pumzi, je, ngozi inabonyea ndani katikati ya mbavu?

Mume wangu akainua macho. Hakunitazama mimi. Hakumtazama mtoto. Alimtazama shangazi yake.

"Mwambie haziingii," shangazi akasema. "Nimeshazifunga."

Naye akageukia simu akamwambia nesi, hapana, haziingii.

Nimeolewa na mtu mzima mwenye ndevu. Anaendesha gari kubwa la mizigo kwenye barabara za barafu na hajawahi kuligonga. Lakini mbele ya shangazi anakuwa kitu cha kukunjwa. Kumwambia shangazi ampishe afungue nguo za mtoto wake mwenyewe ilikuwa ni kumvunjia heshima, na kumvunjia heshima shangazi ni jambo zito, na mtoto kukosa hewa ni jambo la kungoja kidogo. Nesi kule kwenye simu, maskini, akaanza kutueleza habari za kumpa mtoto maji maji ya chumvi puani na kumwangalia.

Nikamnyang'anya shangazi mtoto. Ndiyo, nilimnyang'anya, na mtu anayetaka neno la adabu zaidi aende akalitafute. Nikamlaza juu ya zulia nikavuta zipu ya vazi la manyoya, nikavua sweta, nikapandisha fulana. Fundo lilikuwa limekazwa kwa ustadi, huyu mama kwa mafundo hana mpinzani, vidole vyangu vikashindwa. Nikatumia mkasi wa kukatia kucha za mtoto, ukanda ukakatika uzi mmoja mmoja, kisha wote ukaachia.

Tumbo likafura mara moja, kama kitu kilichokuwa kinangoja ruhusa. Halafu nikaona. Kila pumzi, mitaro ilichimbika katikati ya mbavu, ungeweza kuhesabu mfupa na mfupa. Chini ya mbavu pakabonyea. Pale chini ya koo pakaingia shimo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyopauka.

"Tazama," nikamwambia mume wangu.

Akaangalia dirishani. Nikainuka nikamshika taya, hizo ndevu zake zote mkononi mwangu, nikamgeuza uso mpaka ukaelekea chini. Akatazama. Nikaona anaelewa, polepole, kama mtu anayesoma kibao cha barabara kwa lugha asiyoijua.

"Sasa mwambie nesi unachokiona," nikasema. "Si ulichoambiwa."

Akamwambia. Sauti ya nesi ikabadilika hapo hapo. Akasema tukate, tupige namba ya dharura.

Ambulensi ilikuja mapema kuliko lifti, maana lifti moja ilikuwa mbovu na nyingine ilikuwa inabeba makochi ya watu wanaohama. Wahudumu wakapanda ngazi. Shangazi aliwapokea mlangoni kwa Kiingereza chake na kuwaambia ni mafua kidogo tu, mama yake ni mtoto, ana woga. Hawakumsikiliza, Mungu awape heri. Waliweka oksijeni usoni mwa mwanangu na tukashuka, mimi na ndara za ndani kwenye theluji.

Hospitalini hakuna aliyeniuliza nimesoma mpaka wapi. Nesi wa kwanza kumpokea alimvua nguo zote akabaki na nepi, akasimama akimtazama kifua. Hakumgusa. Alitazama tu, mikono nyuma, kama mtu aliye mbele ya picha ya thamani. Kisha wakaanza: kunyonya kamasi puani kwa mrija, hewa ya uvuguvugu yenye oksijeni kupitia puani, waya wa kupima oksijeni kwenye kidole cha mguu.

Daktari akaja, mwanamke mwenye sauti ya mafua yeye mwenyewe. Akatueleza ni virusi, vimeshuka kwenye vijia vidogo vya hewa mapafuni. Akaona alama nyekundu za ukanda zilizomzunguka mtoto akauliza ni nini. Mume wangu akapata shughuli ya ghafla na kamba ya kiatu chake. Nikamwambia daktari mimi. Hakupiga kelele wala hakukunja uso. Akanieleza kitu ambacho hata mbuzi wa mwalimu wangu hakukisema. Mbavu za mtu mzima zimeinama, kwa hiyo misuli ikivuta zina nafasi ya kuinuka. Mbavu za mtoto mchanga zimelala karibu sawa na ardhi, na ni laini kama gegedu la sikio. Hata misuli ikivuta, haziinuki sana. Kwa hiyo mtoto mchanga anapumua kwa kiwambo, kwa tumbo. Tumbo likifura ndiyo pumzi yenyewe. Na misuli yake ya katikati ya mbavu bado ni michanga, inachoka haraka. Ikichoka kabisa anaacha kuvuta.

"Kwa sasa amechoka," akasema. "Tunataka apumzike, asiache."

Wakasema kama hewa ile haitatosha watamweka kwenye mashine ya kumpumulia. Yaani mrija kooni, usingizi wa dawa. Nikakaa pale nikitazama ile mitaro. Sikusali kwa ufasaha, nitasema ukweli. Nilikuwa naongea na nyama. Nilikuwa naiambia vuta, vuta tena, wewe si ya kutafunwa. Mume wangu alikaa upande wa pili wa kitanda. Simu yake ikawa inatetemeka mfukoni, shangazi, shangazi, shangazi. Mwishowe akatoka koridoni kupokea, akarudi akasema shangazi anasema pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema pole tu. Nikamwambia amrudishie.

Mashine haikuhitajika. Mitaro ilianza kujaa kidogo kidogo, kwanza pale kooni, kisha katikati ya mbavu. Chini ya mbavu ndipo palipokawia. Siku aliposhika titi akalikazania mpaka akaniuma kwa ufizi, nililia kwa mara ya kwanza, na mume wangu akadhani kuna jambo baya akakimbilia kuita nesi. Alikuwa amejifunza kukimbia, tuseme.

Tukarudi nyumbani. Ile shughuli ya arobaini ilikuwa imechelewa kwa ajili ya hospitali, ikafanywa wiki iliyofuata, sebuleni kwetu, wanawake wa majengo yote haya wamekaa chini bega kwa bega, mahamri, mbaazi za nazi, chai ya tangawizi. Nilitaka isiwepo. Mume wangu akasema watu watashangaa. Basi nikavaa, nikapaka wanja, nikakaa na mtoto wangu.

Shangazi akasimulia. Mimi nilikuwa jikoni naongeza sukari nikamsikia, na sauti yake ina mdundo wa kitu kilichosimuliwa mara nyingi. Jinsi mtoto alivyobanwa na kifua. Jinsi mbavu zilivyokuwa zinaachana. Jinsi yeye, kwa mikono yake hii, alivyozifunga zikashikana mpaka ambulensi ilipofika. Na madaktari walisema nini? Walisema ni virusi. Hawakusema ni mkaja. Kama si ule mkaja, akasema, leo tungekuwa na shughuli nyingine. Wanawake wakaitikia mashaallah. Mmoja akamwomba aje amfunge binti yake anayetarajia.

Nilikuja pale na birika mkononi nikaliweka chini. Nikamtwaa mwanangu kwa aliyekuwa amempakata, nikamlaza juu ya mkeka katikati yao. Nikamvua kofia, sweta, fulana, nikamwacha na nepi tu. Huko kwetu mtoto mchanga haoneshwi hivyo mbele ya umati, kila mtu anajua, macho ya watu yana mambo.

"Mfunike mtoto, wewe," shangazi akasema. "Una nini? Macho ya watu."

"Macho ya watu ndiyo ninayoyataka," nikamwambia. "Siku ile niliyakosa."

Nikawaonesha. Nikawaambia watazame tumbo, linavyopanda na kushuka, hiyo ndiyo pumzi ya mtoto. Watazame mbavu zilivyotulia, kati ya mfupa na mfupa pamejaa, hapabonyei. Nikawaambia hivi ndivyo inavyotakiwa kuwa, na nikawaambia alivyokuwa siku ile, na ukanda ulikuwa wapi, na nani aliuweka, na nesi aliuliza nini kwenye simu, na alijibiwa nini. Nilisema yote. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Shangazi akamwangalia yeye, kama kawaida, amsaidie.

"Ni kweli, shangazi," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka. "Mimi ndiye niliyejibu simu."

Shangazi akasonya. Akasema watoto wa siku hizi wanazaa kwa mtandao na kulea kwa mtandao, akasema yeye amefunga watoto wa watu na wako vyuo vikuu leo. Akaitisha chai yake. Wanawake wakarudi kwenye mahamri, polepole, wakitazama vikombe. Wengine walininunia, niliwaona. Mmoja akanong'ona kwamba kumdhalilisha mtu mzima mbele ya watu si malezi. Nilikuwa namvalisha mwanangu fulana, na fulana peke yake.

Pembeni alikuwa amekaa binti mmoja kutoka Mombasa, jirani yetu wa ghorofa ya chini, aliyejifungua baada yangu kidogo. Shangazi ndiye aliyemfunga yeye pia. Mtoto wake alikuwa begani, amefungwafungwa kama kifurushi cha posta, na tangu alipoingia nilikuwa nasikia kikohozi kikavu kikitoka mle ndani. Sasa akainuka, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama chumbani kuna mtu.

Nikamwambia hakuna.

Akapita katikati ya magoti ya wale wanawake, akiomba radhi kwa kila goti, na shangazi akamfuata kwa macho mpaka mlangoni. Mlango hakuufunga vizuri. Nilimwona ameinama juu ya kitanda changu, na kipande cha kanga kikitoka chini ya nguo za mtoto, kirefu, hakiishi, kinaangukia zuliani.

"Dada," akaita, bila kugeuka. "Njoo utazame na mimi. Peke yangu naogopa."

Nikaenda.